Bomba Lilipoingia Saluni, Msusi Akakosa pa Kupumulia

Saa tano asubuhi, saluni imejaa. Kuna wateja watano, wasusi watatu, redio, na habari za ndoa ya mtu ambaye hayupo kujitetea. Msusi wa kiti cha dirishani anasuka mistari myembamba bila kuinua uso. Akiulizwa, anajibu "Makubwa hayo," kisha anarudi kwenye kichwa kilicho mbele yake.

Ana miaka thelathini na minane, na kumi na miwili kati ya hiyo ameimaliza hapa. Wateja humwita Bubu, kwa utani. Mikono yake wanaisifu, ukimya wake wanaudhania maringo.

"Siringi," ananiambia kwa sauti ya chini. "Watu nawapenda. Ila maneno yakiwa mengi nachoka kama nimebeba magunia. Nikikaa peke yangu dakika tano tu, narudi mzima."

Dakika hizo alizipata kwenye maji. Saluni haikuwa na bomba, na tangi liko uani. Yeye ndiye aliyejitolea kuchota, ndoo nane kwa siku, miaka yote hiyo. Ndoo ikijaa, alikaa juu ya tofali akafumba macho. Hakuna aliyemuuliza kitu, maana alikuwa kazini.

Mwezi uliopita mwenye saluni alivuta bomba hadi ndani. Alimhurumia.

"Nilimwambia, mdogo wangu, mgongo wako sasa upumzike," mwenye saluni anasimulia, akilifungua bomba ili nilione. Wasusi wale wawili wengine walishangilia. Msusi naye alishukuru, angesema nini?

Tangu hapo hatoki ndani kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Kichwa kinamgonga. Wiki iliyopita alimfokea mteja, na mteja hajarudi. Nyumbani, binti yake akianza kusimulia ya shule, anamwambia anyamaze.

"Hilo ndilo linaloniumiza," anasema. "Mwanangu anapata makapi."

Mpango wake ni sentensi moja ya kumwambia mwenye saluni: "Dada, natoka nje kidogo, nakaa, narudi." Ameifanyia mazoezi mbele ya kioo, kabla wenzake hawajafika.

Saa saba anaweka chanuo chini, anasimama.

"Unataka maji, mdogo wangu?" mwenye saluni anamuuliza. "Kaa, nakuletea."

Anakaa. Anakunywa glasi nzima, anashukuru.

Ninapoaga, anajitolea kunisindikiza. Tunatembea taratibu hadi kona, bila neno.

"Jumatatu nitamwambia," anasema, akitazama alikotoka. "Na wewe upite tena, nikusindikize."