Siku Nilipoijaribu Betri kwa Nyumba Nzima

Mtaani kwetu Kinondoni, kule tunakopakana na Tandale, kuna watu hawajui kabisa kuwa mie naitwa Filemoni, wananijua kwa jina la Fezi, na kila ninapoitwa hivyo natamani kuingia uvunguni, kwa hiyo afadhali niwasimulie mwenyewe habari yake kabla hamjaipata kwa wale jamaa wa saluni, maana wao wameshaongeza mpaka moshi na gari la zimamoto, wakati siku ile hakuna kilichoungua (labda uso wangu).

Kazi yangu ni kupanga kurasa za vitabu, vya shule na vya dini, nafanyia hapo hapo chumbani. Nina kompyuta ya mezani na laptopu ambayo betri yake ilishakufa zamani, ukichomoa waya tu inazima palepale. Sasa umeme wa kwetu mnaujua. Ulishanikatikia katikati ya kitabu cha sayansi nikapoteza michoro yote ya mmeng'enyo wa chakula, nikaanza upya kuanzia mdomoni, na siku hiyo ndiyo niliyoapa kununua betri kubwa ya lithiamu pamoja na inveta, ile mashine inayouchukua umeme wa betri na kuugeuza uwe kama wa ukutani.

Nilivifunga mwenyewe. Waya mwekundu huku, mweusi kule, nikakagua, nikakagua tena, nikakaza nati mpaka vidole vikauma, na nilipogusisha waya wa mwisho ikaruka cheche ndogo, nikaruka na mimi, halafu kioo cha inveta kikawaka na kuandika asilimia mia. Jamani, nilikaa chini kuitazama ile mashine kama watu wanavyomtazama mtoto mchanga. Nilitaka sana kujua kitu kimoja: umeme ukikatika, kompyuta zangu zote mbili zitakaa muda gani? Muuzaji alinijibu jibu lake, jirani mmoja akanipa lingine, nami nikapiga hesabu zangu nikapata la tatu. Basi nikausubiri umeme ukatike nione. Na ule umeme, ambao haukuwahi kupitisha siku mbili bila kutukera, ukakaa wiki nzima haujatikisika.

Jumamosi uvumilivu ukaniishia. Niliangalia video moja, jamaa anafundisha kwamba ukitaka kujaribu mtambo wako usichomoe plagi, maana ukichomoa unautenga na ule waya wa ardhi unaokulinda, bali uzime kwenye swichi. Nikalielewa hilo neno nilivyolielewa mie. Nyumba yetu ina vyumba sita na korido katikati, mita ni moja, na swichi kubwa, ile tunayoiita meni, iko hapo hapo koridoni, juu ya mlango wa stoo. Adhuhuri ilikuwa imeshapita, wapangaji wengi wametoka, na mama mwenye nyumba, Bi Somoe, mama wa Kimasasi mwenye heshima zake, alikuwa uani na ndugu zake wanapika kwa mkaa. Nikajiambia nazima kidogo tu, naangalia, nawasha, hakuna atakayejua. Nikanyoosha mkono, nikazima.

Nawaambia ukweli, ilikuwa raha. Nilirudi chumbani nikakuta kompyuta zote mbili zinaendelea kama hakuna lililotokea, na kwenye kioo ile mia ikawa tisini na tisa, halafu tisini na nane. Nikachukua kiti nikakaa mbele yake. Nikawa nazima kompyuta moja nione kama namba inashuka taratibu zaidi, nawasha tena, naongeza mwanga wa kioo, napunguza, najaribu hiki na kile, muda unakwenda na mie sina habari.

Niliposikia sauti za watu wengi koridoni ndipo nikakumbuka. Siku hiyo Bi Somoe alikuwa anapokea wageni, wamekuja kumposa binti yake Salha, na alikuwa ametuomba wapangaji wote tufagie na tuwe watulivu. Alisema watafika baada ya alasiri. Kumbe alasiri ilishapita, na mimi bado niko na asilimia zangu.

Nikatoka mbio kwenda kuwasha, nikachelewa. Wageni walikuwa wameshaingia sebuleni, wameona feni haizunguki na joto halikaliki, wakaomba wakae koridoni ambako upepo unapita kutoka mlango wa mbele mpaka uani. Mikeka ikatandikwa, na mshenga wao, Mzee Kondo, mzee mtulivu mwenye kanzu nyeupe, akaegemea mlango wa stoo. Yaani kofia yake na ile swichi vilikuwa kama ndugu.

Hapo ndipo ningesema. Ningesema samahani wazee, nilizima mie kidogo, naomba nipite. Lakini Bi Somoe alikuwa amesimama mbele ya wageni anajifutia jasho kwa ncha ya mtandio, anawaomba radhi kwa ajili ya watu wa umeme, kwamba wamemdhalilisha siku ya shughuli yake, nami nikarudi hatua moja nyuma. Kisha mgeni mmoja akauliza mbona saluni ya jirani muziki unalia. Wote wakasikiliza, kweli unalia. Na mie, ambaye hakuna aliyeniuliza, nikajibu.

"Itakuwa ni fezi yetu tu iliyokatika," nikasema. "Wao wako fezi nyingine."

Wakakubali wote, kwa kuwa mambo ya fezi, zile njia za umeme wanazogawiwa watu wa mtaa mmoja, Dar kila mtu anayajua. Nikawa nimejifungia mlango na ufunguo nimeumeza.

Sasa, baba yake Salha ni marehemu, mwenye neno la mwisho alikuwa baba yake mkubwa aliyeko Masasi, mgonjwa wa miguu, asiyeweza kusafiri. Walipanga wampigie kwa video. Bi Somoe akaenda kuchukua simu yake aliyoiacha kwenye chaji tangu mchana, akaikuta imezima (mnajua ni kwa nini, mie pia nilijua). Simu nyingine zilikuwepo, lakini wazee wangapi watamwona mwenzao kwenye kioo cha ukubwa wa kiganja? Salha, aliyekuwa nyuma ya pazia la mlango wa mama yake, akasema kwa sauti ndogo kwamba kaka Filemoni ana umeme wake chumbani.

Basi nikawa shujaa. Nilivuta waya wa ekstensheni kutoka chumbani mpaka koridoni, nikaweka laptopu juu ya kigoda, nikaleta na feni yangu kubwa nikawaelekezea wazee, kwa sababu dhambi ikikulemea unatoa vyote. Wakaniombea dua. Bi Somoe akawaambia wageni kwamba huyu kijana ni Mkristo wa Songea lakini ni kama mwanangu. Kila neno zuri lilikuwa linanichoma, na kila nikipita chumbani kuchungulia kile kioo nakuta namba imeshuka kuliko nilivyotarajia, maana feni ile inakula umeme kuliko kompyuta zote mbili (hilo nalo sikulijua mpaka siku hiyo, na hata kwenye hofu ile nilishangaa kidogo). Nikazima kompyuta ya mezani. Haikusaidia.

Baba mkubwa akatokea kwenye kioo, amevaa kofia, amekaa wima. Salamu za Masasi zikachukua muda wake, na hakuna wa kuzikatisha. Kisha Mzee Kondo akaeleza kilichowaleta, akajibiwa, akaulizwa ukoo, akajibu. Inveta ikaanza kulia chumbani, tii, kimya, tii. Mzee Kondo akaniuliza hicho ni nini, nikamwambia inapumua. Ikazidi kupumua haraka.

Baba mkubwa akasema yeye hana kipingamizi, ila anataka amsikie mwenyewe. Akauliza, "Salha mwanangu, umeridhia?"

Pazia likatikisika. Salha akafungua mdomo, na laptopu ikazima.

Sikufikiri. Ningefikiri, ningekaa. Mwili wenyewe uliinuka, ukaruka miguu ya wageni, ukanyoosha mkono juu ya kofia ya Mzee Kondo, ukaiwasha meni. Feni ya sebuleni ikaanza kuzunguka, friji ikanguruma, redio ya chumbani kwa Bi Somoe ikaanza kutangaza bei za mazao. Nami nimesimama katikati yao, mkono bado uko juu.

Bi Somoe akanigeukia. "Filemoni," akasema, "umejuaje kama ni hapo?"

"Nilizima mie, mama. Nilitaka kuona betri inafika wapi."

Hakuna aliyecheka. Nilimsikia mgeni mmoja anarudia taratibu neno fezi, kama anayeonja chakula. Bi Somoe akakaa chini kwenye mkeka, akajifunika uso kwa mtandio, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Kisha Mzee Kondo, aliyekuwa bado anairekebisha kofia yake, akageuka.

"Na imefika wapi?" akauliza.

Nikadhani ananikejeli, lakini uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kujua kweli, basi nikamweleza, na mnavyonijua nikieleza, nikaingia kwenye feni, na matumizi yake, na jinsi namba inavyoshuka, mpaka simu yake ikaita. Alikuwa baba mkubwa, anauliza kama tumemkatia kwa makusudi. Mzee Kondo akamtuliza, akaweka sauti kubwa, na Salha akajibu safari hii kwa sauti iliyofika mpaka uani kwamba ameridhia. Vigelegele vikaanza. Lakini kabla havijaisha, pazia likafunguka kidogo akanitazama.

"Kaka Filemoni, kwani soketi yako ya ukutani haina swichi?"

Inayo. Ipo hapo hapo, nyeupe, naizima kila nikienda kulala, na ndiyo yule jamaa wa video aliyokuwa anaisema. Hapo ndipo walipocheka wote, hata Bi Somoe nyuma ya mtandio nilimwona mabega yanacheza.

Wageni walipoondoka nilikwenda kumwomba radhi. Alikuwa anaosha sahani, hakugeuka. Nilijieleza nikamaliza, akasema, "Ungebisha hodi tu ukaniambia. Ningekwambia zima, tena ningekuja tukae wote tuione."

Sijawahi kupata jibu lililoniacha mdogo namna ile. Tangu hapo nimejiwekea sharti: kitu cha watu wengi sikigusi kabla sijapita mlango kwa mlango, hata kama ni balbu ya chooni. Ila ninyi ni marafiki zangu, siwafichi. Kompyuta zangu mbili peke yake, bila feni, zinakaa muda gani, mpaka leo sijui, na Bi Somoe juzi kaniuliza tutaijaribu lini.