Ndoo kwenye Bati

Wameksiko wana desturi niliyoipenda kuliko mahubiri yote niliyosikia Toronto. Ukiponea chupuchupu, unachorewa mkasa wako kwenye kipande cha bati: wewe chini, taabani, mtakatifu juu mawinguni, na maneno machache ya shukrani. Kisha bati linatundikwa kanisani.

Mimi niliponea chooni. Miaka ile ya elfu mbili na kitu tulikuwa tunasafisha maofisi. Msimamizi wetu, mtu wa kwetu kabisa na mwalimu wa kwaya yetu ya Kiswahili, aliona tunachelewa. Akamimina kwa mkono wake jiki na asidi ya choo kwenye ndoo moja, akaniambia nipige deki upesi, akafunga mlango harufu isifike kwa wenye ofisi. Aliyenivuta nje, nimeshazimia kwa ule mvuke, ni mwenzangu wa kazi, Mmeksiko, akaniburura kwa miguu kama mbuzi wa sikukuu. Kifua changu mpaka leo kinapiga filimbi.

Jumapili, msimamizi akatangaza kanisani, kwa huzuni nzuri sana, kwamba dada yetu amezimia kwa kuzidisha mfungo wa Kwaresima. Yeye mwenyewe, akasema, siku hiyo hakuwepo kazini, alikuwa mji wa jirani, Pickering. Basi nikawa mtakatifu kwa lazima. Kina mama wakaniletea uji nyumbani, Etobicoke. Kila nikieleza habari ya ndoo, wananipapasa mgongo: pumzika, mama, usiongee.

Yule Mmeksiko akanipeleka kwa shemeji yake mchoraji, ambaye hakufurahi. Alisema bati ni la kushukuru, si la kushtaki. Nikamjibu nashukuru sana, lakini mtakatifu aliniokoa na nini, na upepo? Akachora. Kitambi cha msimamizi, kofia yake, ndoo mkononi, vyote.

Tukalitundika kanisani kwetu, chini ya sanamu ya mtakatifu wa mambo yaliyoshindikana, pamoja na mabati ya Wameksiko. Baada ya misa ya Kiswahili watu wakajazana. Jina halikuandikwa, kwa hiyo kila mtu akajifanya hamjui mwenye kitambi. Akaja mwenyewe. Akatazama, uso ukamvimba.

"Uongo mtupu huu," akasema. "Ndoo yenyewe ilikuwa ya bluu."

Mwenyekiti wa kina mama, yule yule wa uji, akamgeukia taratibu.

"Mwalimu, uliionaje kutoka Pickering?"

Akavaa kofia yake akatoka. Jumapili iliyofuata kwaya iliimba bila yeye, na iliimba vizuri zaidi.

Nami, kwa kuwa sipendi kumsingizia mtu, nilimrudia mchoraji akaipaka ndoo bluu.