Mjukuu Wangu na Dawa ya Usingizi

Hapa Tandale mateja nimewaona mpaka basi. Mmoja kazaliwa nyuma ya banda langu la maandazi. Jina lake na la mama yake ninayo, ila humu sitaji mtu. Kwa hiyo arosto sisimuliwi. Kijana akikosa unga wa kulevya anatetemeka, jasho linamtoka, anapiga miayo, hatulii.

Sasa mjukuu wangu alipatwa na nimonia, akawa mahututi. Majuma kadhaa hospitali walimlaza kwa dawa ya usingizi ili mashine impumulie. Siku tuliyoambiwa mashine imetolewa, nikaingia na binti yangu, mama yake mtoto. Nikamtania kama kawaida yetu: "Mume wangu, umeoa mwingine huku?"

Ananiangalia kana kwamba anaangalia ukuta. Vidole vinachuma vitu hewani, jasho, miayo, mikono inatetemeka.

Nikamnong'oneza binti yangu, "Huyu ana arosto."

"Mama! Mtoto wa miaka sita?"

Nesi akaja na dawa ya maji kwenye bomba la sindano, ya kumnywesha. Nikasimama katikati.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nini hiyo?"

"Dawa yake."

"Ndugu yake ile ya usingizi?"

Akasita. Kule kusita ndiko kulikonitia shaka zaidi. "Zinafanana, bibi. Mwili wake umeizoea."

"Kwa hiyo mmenifanyia mume wangu teja!"

Mama wa kitanda cha pili akacheka, akaziba mdomo. Binti yangu akaanza kulia: asipewe tena hata tone, tumchukue nyumbani akasomewe dua.

Nesi hakukasirika. "Bila ile dawa angepigana na mashine. Tukiikata ghafla ndiyo atateseka, hata degedege linaweza kumpata. Tunapunguza kidogo kidogo. Na miguu itakuwa dhaifu kwa muda, msishtuke."

Maneno matamu. Wauza unga nao wanayo. Nikamkagua usoni nitafute uongo, sikuuona, wala sikuridhika. Lakini mtoto alikuwa anajikunja, na mie nilishasikia kelele za kijana aliyefungiwa chumbani na nduguze ili aache unga ndani ya siku moja.

"Mpe," nikasema. Binti yangu akageukia ukutani.

Akanyweshwa. Nikaweka kiganja kifuani kwake mpaka mtetemo ukalegea, akafumba macho. Sikumshukuru nesi. Nilimwambia tu, "Kesho ukija, nionyeshe kwanza kilichopungua."