Kafi Kifuani

Pale kwenye ghuba ya miamba, wageni walikofuata maji maangavu na mapango, hakuna aliyeiogopa bahari kama mwanamke aliyekodisha mitumbwi. Walimwita Mama Jaketi, kwani hata bingwa wa kuogelea hakumkabidhi kafi kabla hajamfunga jaketi la kuelea mpaka kidevuni.

"Mkondo ukikubeba usishindane nao, pita kando," aliwaambia. "Na mwenzako akizama, mnyooshee kitu ashike. Usimpe mkono, mtazama wote."

Mdogo wake wa kiume, jitu zima lenye ndevu, alimcheka. Dada huyo ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki. "Dada, wewe ungemvalisha jaketi hata samaki!" Yeye hakuvaa. Sikio la kufa, ndugu zangu.

Kila jioni Mama Jaketi aliosha mitumbwi yake ya plastiki, akachomoa vizibo vya nyuma ili maji yaliyoingia ndani yatoke, akavitia mfukoni mwa aproni. Asubuhi alivirudisha kimoja kimoja. Siku moja alifika mwisho wa safu, mtumbwi haupo, kizibo kimembaki mkononi. Mdogo wake alikuwa ameuchukua bila kuaga. Na mtumbwi usio na kizibo hauzami papo hapo. Hukupeleka mbali kwanza.

Alimpigia muuza chai kelele awaite waokoaji, akafunga jaketi, akatupa la pili mtumbwini, akapiga kafi kama aliyepagawa.

Alimkuta nyuma ya mwamba wa nje. Mtumbwi ulikuwa umejaa maji, naye, kwa ubishi wake, alikuwa ameuacha ili aogelee kurudi pwani, akipambana na mkondo uso kwa uso. Nguvu zilikuwa zimemwisha.

"Dada!" Aliushika ukingo wa mtumbwi wa dada yake kwa mikono yote miwili, ukalala upande, maji yakaingia. Mama Jaketi akamsukuma kifuani kwa kafi.

"Niachie! Shika jaketi!"

"Dada, nakufa!"

"Jaketi, nakwambia!"

Alimtupia. Mdogo wake hakulitazama, akazama, akaibuka, akamrukia tena dada yake. Dada akamsukuma tena. Mtoto aliyemfundisha kutembea, leo anamfukuza kwa kafi kama mbwa! Alisukuma huku analia kwa sauti, akimwomba Mungu amsamehe. Mara ya tatu mikono ya mdogo wake iliangukia jaketi, ikalikumbatia.

Boti ya waokoaji iliwaopoa wote wawili. Alipomaliza kutapika maji mchangani, mdogo mtu aliinua kichwa.

"Ulinisukuma."

"Nilikusukuma."

"Na kama ningekufa?"

"Ningerudi peke yangu," alisema Mama Jaketi, akaketi chini.

Siku hizi mdogo wake hatoki bila jaketi. Analifunga mwenyewe, na neno dada halijamtoka tena mdomoni.