Mvule Usiozaa

Shamba la baba yangu liko upande wa Lusangi, na lilikuwa na mivule miwili mikubwa. Mmoja, karibu na nyumba, ulizaa kila mwaka. Popo waliujaa, nasi tulilala na makelele yao. Wa pili, ng'ambo ya kijito, haukuwahi kutoa tunda. Kwetu mti unaolisha wanyama haukatwi. Na binti akizaa mtoto wa kwanza, babu hung'oa mche chini ya mvule wa nyumbani na kuupanda uwe wa mjukuu. Wa mwanangu umeshapita paa.

Wakata mbao walipokuja na mashine yao, baba hakuumiza kichwa. Aliwapa wa ng'ambo.

"Ile iko tasa," aliniambia nilipofika likizo kutoka Kasongo, ninakofundisha biolojia. "Ilikuwa inakula udongo ya bure."

Nilimweleza kwamba mvule una dume na jike, kama mpapai. Ule wa ng'ambo ulikuwa dume: upepo hubeba chavua ya maua yake hadi kwa jike, na jike asipoipata hubaki na mbegu tupu. Alicheka sana, yeye anayefyeka mipapai dume uani na kila mara kuacha mmoja kwa ajili ya mingine. Lakini maua ya mpapai yako usawa wa pua. Nani hupanda mvule kutazama maua? Hata hivyo nilikasirika. Neno tasa lilikuwa limeshatutesa nyumbani.

Mdogo wangu alikuwa ameolewa kilima cha pili, jirani tu. Hakupata mimba, wakwe wakamrudisha kama sahani ya kuazima. Baba aliwatukana hadharani, siku ya soko, na tangu hapo hawakusalimiana. Misimu michache baada ya mvule kukatwa, mdogo wangu aliolewa tena, Kasongo, na mwendesha pikipiki, akazaa msichana.

Baba alishika jembe siku ile ile aliyopata habari. Chini ya mvule hakukuwa na mche hata mmoja. Mvua zilipita, naye akiinama kutafuta, mkono kiunoni. Tulitia mbegu kwenye bakuli la maji, karibu zote zikaelea, tupu. Chache zilizozama zilichipua, kisha majani yakatokwa na vivimbe vya wadudu na miche ikafa. Nikasema tulete mche kutoka msitu wa Kabambare.

"Mutoto ya hapa, muti ya kule?" akasema. Aliogopa kufa na kumwacha mjukuu huyu peke yake bila mti, baada ya yote aliyosemwa mama yake. Hakuficha hofu hiyo, nami nilimwonea huruma.

Mbegu zilizozama, nilimwambia, zilipata chavua kutoka mbali. Dume pekee lililobaki karibu lilikuwa kilima cha pili, shambani kwa wakwe wa zamani, na wakata mbao walikuwa wameshafika huko.

"Usitukane wakunga na uzazi ungalipo," nilimtania. Hakucheka. Alivaa koti, tukaenda.

Mzee wa kule alitupa viti na kutusalimu vizuri, bila kumtazama baba usoni.

"Mukwe," baba akasema, "ile muti yako isiyozaa, usiikatishe. Iko dume. Ya kwangu inazaa sababu yake, upepo inaleta unga ya maua yake."

Mzee aligeukia uani. Mwanawe, aliyekuwa shemeji yangu, alikuwa akitengeneza baiskeli pale uani. Tangu mdogo wangu aondoke alikuwa ameoa wanawake wawili, nao walirudishwa makwao. Hakukuwa na mtoto katika nyumba ile.

"Binti yako anaendelea?" mzee akauliza.

"Iko na mutoto. Musichana."

"Tulisikia."

Alimtazama mwanawe kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Muti ibakie. Ile dume angalau inazalisha."