Vidonge Kando ya Ugali

Wakiuru ni fundi cherehani kutoka Kitale aliyeolewa Kabuchai kwa kina Wamalwa, na mdomo wake haujawahi kuwa na pazia. Lakini katika mimba ya kwanza, alipotokwa na majimaji ya kijani yenye harufu ukeni, aliona haya. Alimwambia mama mkwe tu, Edinah, naye akampa majani ya kujiosha ndani. Chupa ya uzazi ikapasuka kabla ya wakati. Mtoto akazikwa nyuma ya migomba.

Mimba ya pili, harufu ikarudi. Majani yalipoletwa, Wakiuru aliyamwaga mbele ya Edinah, akaenda kliniki.

"Huu ugonjwa unaweza kuleta uchungu mapema," akasema Linet, muuguzi. "Unatibika, na dawa haitadhuru mtoto. Lakini mume wako pia ameze, ama atakurudishia."

Nyumbani mumewe, Wamalwa, akacheka. "Ati mimi? Si ni wewe unaumwa?"

Haya basi.

Katika boma lile, mke wa mwana hakai chumba kimoja na baba mkwe. Huweka chakula na kutoka haraka, macho chini. Jioni hiyo Wakiuru aliweka ugali mbele ya Wamalwa na baba yake, kisha akabaki amesimama. Wamalwa akafunua sahani yake. Kando ya ugali kulikuwa na vidonge vyeupe.

"Ni vya ugonjwa wetu sisi wawili," Wakiuru akasema. "Usipomeza, kesho narudi Kitale, nizalie kwetu."

"Wakiuru! Mbele ya mzee? Huna aibu?"

"Aibu niliona mara ya kwanza, nikazika. Sasa sina."

Mzee akageukia ukuta. Edinah alikuwa amesikia yote akiwa jikoni. Akaingia na kikombe cha maji, na Wamalwa akashusha pumzi, akijua mama atamtoa huyu mwanamke nje.

Edinah akaweka kikombe mbele ya mwanawe.

"Meza," akasema. "Kabla yako nilizika wawili, na mimi pia nilipewa majani. Hakuna mtu aliambia baba yako ameze kitu."

Mzee akarudisha tonge kwenye sahani. Wamalwa akameza vidonge vyote, na Wakiuru hakutoka mpaka mumewe alipofungua mdomo, naye akaona hakuna kilichobaki.