Makandi na Sidii ya Linux, Makutano

“Ukimpa hiyo sidii, Mama Mwenda, umempa wateja wetu!”

“Kelele, Baba Mwenda. Naandika jina la marehemu.”

Ni saa mbili asubuhi, Makutano, Meru, mwaka 1999. Makandi, 34, anachapa ratiba ya mazishi huku akijibizana na mumewe, Mwongera. Mlangoni amesimama Kivuti, mwenye ofisi ya kuchapa ng’ambo ya barabara, aliyekuja kuomba sidii. Kompyuta zake zimeanguka tena, kwa virusi vilivyoletwa na disketi za wateja.

Za Makandi hazijaanguka tangu mwaka jana, alipoweka Linux kutoka kwenye diski hiyo, mfumo wa kompyuta uliotengenezwa na watu wengi wa kujitolea. Haununuliwi, na kila mtu anaruhusiwa kuugawa.

“Huyu si ndiye alisema unatumia kompyuta ya maskini?” Mwongera anauliza.

“Nilisema,” Kivuti anakiri. “Sasa maskini ni mimi.”

Wateja waliomkimbia Kivuti wamehamia kwa Makandi. Ukurasa mmoja ni shilingi ishirini, na ifikapo Januari mtoto wao Mwenda anaingia sekondari, karo inahitajika.

“Kwetu Igoji mche wa mgomba hauuzwi kwa jirani,” Makandi anasema. “Anang’oa, anaenda kupanda.”

“Mgomba haunyang’anyi mtu wateja.”

Hilo ni kweli.

Halafu Makandi anaeleza jinsi printa ilivyomkatalia alipoanza kutumia Linux. Aliwatumia swali watumiaji wengine wa Linux, kupitia barua pepe ya ofisi ya misheni. “Nilijibiwa na watu watatu. Siwajui hata kwa sura. Hakuna aliyeuliza nitamshinda nani kibiashara. Nikikwama tena nitauliza nani hapa Makutano? Wewe?”

Mwongera anakuna kichwa. “Mimi najua kuwasha tu.”

“Basi. Nataka mji huu uwe na watu wa kuulizana.”

Anasimama. “Kivuti, mkononi sikupi. Utaharibu kila kitu. Nakuja kukuwekea, nawe utaangalia. Atakayekuja baada yako, utamwekea wewe, bure. Baba Mwenda, maliza ratiba. Mazishi ni leo.”

Anavuka barabara na sidii ndani ya mkoba. Kwa Kivuti, kioo cha kompyuta kinauliza kama kifute kila kitu kilichomo.

“Kazi za watu umezinakili kando?”

“Zote, mama.”

Makandi anabonyeza ‘ndiyo’.